Pongo wa Kumpokea Kabula

Siku tulipomzika Mzee Masanja, bunduki yake ilikuwa imeshapelekwa kituo cha polisi. Ndivyo sheria inavyotaka: mwenye kibali akifa, silaha hairithiwi kama ng'ombe. Vijana waliokaa uani kwenye viti vya kukodi hawakuwahi kumwona akiitumia, na mmoja wao, mjukuu aliyekuja kwa pikipiki kutoka machimboni, aliniuliza kama ni kweli babu yao alikuwa akiwinda kwa bunduki ya kitoto. Nikamwambia ni kweli, ilikuwa ndogo. "Sasa ilikuwa inaua nini, shangazi? Kware?" Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, maana kicheko hicho nilikisikia mara ya kwanza nikiwa na umri wao, katika ua uleule, kikitoka kwa wanaume waliokuwa na mabega mapana na bunduki kubwa. Sikumjibu zaidi. Watu walikuwa wanaanza kugawa chakula, na jibu lenyewe lina mwaka mzima ndani yake.

Mwaka huo nilikuja Katoro kuuza kwenye duka la dawa baridi. Mwenye duka alinitafutia chumba kwa Mzee Masanja kwa kuwa nyumba ile haikuwa na vurugu za wachimbaji, ingawa sauti ya mashine za kusaga mawe ya dhahabu ilitufikia mchana kutwa, kama mtu anayetafuna karanga kwa mbali. Chumba kilikuwa cha Kabula, binti yao pekee, aliyekuwa ameondoka. Kilikuwa na kitanda cha mbao, mkeka, dirisha dogo lenye wavu, na ukutani kwenye msumari palikuwa na shanga zake za utotoni pamoja na picha ya kwaya iliyokatwa kwenye kalenda ya kanisa. "Usitoe kitu ukutani," mama mwenye nyumba aliniambia siku ya kwanza. "Vingine vyote ni vyako." Nikakubali. Ila upande wa kibla ndio uliokuwa na picha ile, basi kila wakati wa swala niliwafunika wanakwaya kwa kanga, na nikimaliza nikawafunua, maana nilikuwa nimeahidi. Mama Kabula aliniona siku moja mlango ukiwa wazi. Alisimama kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Wapumzike nao, wanaimba tangu asubuhi," akaenda zake.

Sijui kama watoto wa siku hizi wanajua nyumba inavyoweza kukulea ukiwa umeshakuwa mtu mzima. Asubuhi tulikula michembe ya viazi iliyochemshwa, na karanga, na chai ya rangi. Jioni ugali wa udaga wa mihogo, mweupe, unaovutika, na majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo pale huitwa nsansa, yamepikwa kwa karanga mpaka mafuta yanaelea. Nyama ilipopatikana, Mama Kabula aliipika yangu kwenye sufuria la peke yake, jipya, lenye uzi mwekundu mpinini ili mkono wa mtu usikosee. Nilimshukuru kwa sufuria lile. Akasema bila kunitazama, "Ningelinunua mapema, angekuwa analitumia mwingine." Ndipo nilipojua kwamba Kabula aliolewa na Mwislamu wa Shinyanga mjini, akasilimu, na kwamba nyumba ile haikuwa imemuona tangu siku hiyo. Mwaka wa kwanza baada ya hapo, Mzee Masanja aliyekuwa akiwinda kila msimu hakupiga mnyama mwingine ila ngiri. Aliwaleta nyumbani ngiri wenye mafuta, akawala kwa sauti, mbele ya kiti kitupu. Kisha akaacha.

Kuta za nyumba zile hazikufika kwenye bati. Maneno yalipanda upande mmoja yakashukia mwingine, na mtu mwenye adabu alijifunza kukohoa. Jioni moja baada ya chakula nilisahau kukohoa. Mchana wa siku hiyo Kabula alikuwa amepiga simu ya dukani kwangu, sauti ndogo, akitaka kujua kwanza kama baba yake ni mzima, na mimi nikawa nimefikisha habari kwa mama.

"Anasema watakuja pamba ikishavunwa," Mama Kabula alikuwa akisema. "Yeye na mtoto, na mumewe, na baba mkwe wake."

 Kiti kikalia.

"Mimi nimesema nini siku zote?"

"Umesema mengi, Baba Kabula. Chagua moja."

"Akirudi atakula nyama ya mkono wangu. Kwetu mtoto anayerudi hapokelewi kwa nyama ya sokoni."

"Nunua mbuzi. Mzee Hamisi achinje, watu wale, tumalize."

"Mbuzi wa kununua ni wa mgeni. Kabula si mgeni."

"Siku hizi hali kisichochinjwa. Unajua."

"Najua."

"Na ulipomfuata stendi ukipiga kelele mbele za watu, akaenda mbali zaidi. Hilo nalo unajua?"

"Nimesema najua," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikabidi nishike pumzi kuisikia.

Bunduki yenyewe ilikaa juu ya mlango wa sebule, kwenye vigingi viwili, ili kila aingiaye apite chini yake. Zamani alikuwa na nyingine, nzito, ya kuangushia nyati, iliyompa jina kuanzia Katoro mpaka Ushirombo. Kisha akajaribu bahati kwenye duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, na kuta zikamwangukia. Hakufa, ila mtulinga wa bega la kulia ulivunjika ukaungana vibaya, na tangu hapo bunduki kubwa ikipigwa humtupa chini akipiga mayowe. Akaiuza. Akanunua ndogo kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi wa Shinyanga, ambaye mkewe aliitumia enzi za ujana wao wakienda porini na chakula kwenye kapu. Ilikuwa na mtutu mwembamba, kitako kifupi cha mti mwekundu, na risasi zake zilikuwa ndogo kama kalamu ya risasi iliyochongwa mpaka mwisho. Wanaume walicheka. "Masanja, umenunua mwiko?" "Masanja, usiisahau mvuani, itaota!" Yeye alisema tu kwamba ile ya zamani ilikuwa na teke la punda, na hii inamgusa begani kama mtu anayeomba njia.

Kibali cha msimu ule kilimruhusu pongo wawili, wale swala wa vichakani wenye madoa meupe ubavuni, wanaotoka kando ya maji kunapopambazuka na kurudi kabla jua halijakaza. Mara ya kwanza alikwenda na Mzee Hamisi, rafiki yake wa tangu ujana, ambaye kazi yake porini ilikuwa moja: kukimbia na kisu. Ndivyo walivyofanya miaka yote. Masanja akiangusha, Hamisi anakimbia, anamgeuza mnyama, anataja jina la Mungu, anachinja kabla roho haijatoka, na nyama inakuwa ya kila mtu, Mwislamu na asiye Mwislamu, bila swali. Sikuwepo siku hiyo. Niliwaona waliporudi jioni, mikono mitupu, suruali ya Mzee Hamisi ikiwa imechanika kuanzia goti hadi nyonga, na ugomvi wao niliusikia wote kwa kuwa waligombana mbele ya sinia la ugali nililolileta mwenyewe.

"Nilikwambia kaa," alisema Mzee Masanja.

"Na mimi nikakwambia nyama isiyochinjwa ni ya fisi."

"Sasa si imekuwa ya fisi kweli?"

"Nilimwona amelala!"

"Alilala kwa kuwa hakujua kapatwa na nini. Hamisi, sikiliza. Risasi kubwa inamwangusha mnyama kwa nguvu. Hii ndogo haina nguvu. Inaingia kwenye pafu kimya kimya, naye anatembea kidogo, anasikia usingizi, analala. Ukimwacha, harudi kuamka. Ukimkimbilia na kisu chako ukimeremeta kama bwana harusi, anaamka na roho yote iliyobaki, na roho ya pongo ni ndefu."

"Alinilenga na pembe, huyo mwenye usingizi."

"Ungekaa, asingekuona."

"Ningekaa, angekufa. Angekufa bila kisu. Halafu huyo binti yako angekula nini, macho?"

 Mzee Masanja alilikata tonge, akalishika, hakulila. Niliona jambo lilivyokuwa. Bunduki ile ilitaka subira na kisu kilitaka haraka, na kati ya viwili hivyo alikuwa amebaki pongo mmoja tu kwenye kibali, na binti mmoja tu njiani. Mzee Masanja akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei, "Hakuna namna nyingine kwenu? Zamani hizo watu wenu waliwinda kwa mishale. Nao walikimbia na visu?"

Mzee Hamisi alijikuna ndevu. "Ipo. Tulifundishwa chuoni, tukisoma Kurani. Mshale unautajia jina la Mungu kabla hujauachia. Ukimkuta mnyama hai unamchinja. Ukimkuta amekufa kwa mshale wako, umeshamchinja kwa lile jina."

"Basi nitalitaja mimi! Neno lenyewe gumu?"

"Utalitaja kama unaita ng'ombe," Hamisi akacheka mpaka akashika paja lake lililochubuka. "Hapana, ndugu yangu. Bunduki unaweza kuniazima. Neno hili haliazimwi. Lazima alitaje mwenyewe, na kidole kiwe chake."

"Piga wewe, basi."

"Kwa macho haya? Nilipokuwa naingia hapa nimemwamkia mbuzi."

Mama Kabula alikuwa amesimama mlangoni na kata ya maji. Alisema, kama anayekumbusha watu mahali chumvi ilipo, "Mnatafuta Mwislamu mwenye macho. Huyu Zaituni anasoma maandishi ya kwenye vidonge." Wote walinigeukia. Nami niliangalia nyuma yangu, kama kwamba alikuwepo Zaituni mwingine.

Mzee Masanja alikataa. Hakunigombeza, hakunidharau, alikataa tu kama mtu anavyokataa kuvaa viatu vya mwenzake. Katika nyumba ya mwindaji wa Kisukuma, aliniambia, mwanamke haruki upinde uliolazwa chini, wala hagusi mkuki wa safari, kwa kuwa mkono wa mwindaji una miiko yake. Na tena alikuwa amesema nyama ya mkono wake. Siku kadhaa alikaa uani akitazama barabara ambayo magari ya Ushirombo yaliitimulia vumbi. Mzee Hamisi kwa upande wake alikwenda kuuliza kwa maalim wa msikiti mdogo wa sokoni, akarudi na jibu lilelile alilofundishwa utotoni, pamoja na nyongeza kwamba dini haikusema kidole kiwe cha mwanamume. Mzee Masanja alilisikiliza jibu hilo na kusema, "Haya." Jumapili iliyofuata nilipotoka chumbani, nilikuta mkeka umetandikwa uani na juu yake bunduki, haina risasi, mtutu umeelekea ukutani. Naye amekaa pembeni. "Shika," akasema. "Uone kama inauma."

Nilifundishwa kwenye kichuguu nyuma ya shamba la mihogo, kichuguu kikubwa cha kumeza risasi, na juu yake kopo la mafuta ya kupikia. Nilikuwa nimekaza mwili mzima nikitarajia kutupwa. Bunduki ililia kwa sauti ya tawi kavu, ikanigusa begani, basi. Kopo lilibaki palepale likinitazama. "Umeogopa teke ambalo halipo," alisema. "Wanaume wote wanaocheka hii bunduki wakiishika wanafanya hivyohivyo. Mwili unakumbuka teke la zamani." Alinifundisha kuweka shavu kwenye mti wa kitako, kuvuta pumzi, kuitoa nusu na kuiacha nusu, kuminya kifyatulio kama ninavyominya mrija wa dawa ya macho. Mfano huo niliupenda, kwa kuwa aliutafuta kwa ajili yangu. "Kubwa inakusamehe," alisema mara nyingi. "Ukikosea kidogo, nguvu yake inakusahihisha. Hii haikusahihishi kitu. Lazima iingie nyuma ya bega, upana wa kiganja changu, au usipige." Nilipoanza kulipata kopo kila ninapotaka, hakunipongeza. Alileta kopo dogo zaidi.

Jambo moja lilibaki, nalo ni jina kwenye kibali. Bwana Nyama, kama tulivyomwita afisa wa wanyamapori, alikuja nyumbani kwa pikipiki, akaambiwa habari yote, akala michembe yote iliyokuwa kwenye bakuli akifikiri. "Kibali ni cha Masanja," akasema mwishowe. "Masanja akiwa ubavuni kwako, kiwiko kwa kiwiko, mkono wake chini ya mtutu, mimi naona Masanja. Ila ukimkosa mnyama, msiniite." Nadhani alikuwa na binti naye. Sikumuuliza.

Tulikwenda alfajiri, umande ukiwa umelaza nyasi, wanne kwa jumla, Bwana Nyama akiwa nyuma kabisa, akipiga miayo. Kijito kilikuwa chembamba, kimejificha kwenye vichaka vyenye miiba, na upande wa pili palikuwa na uwazi mdogo wenye nyasi fupi. Tulilala nyuma ya gogo. Nilisikia harufu ya tumbaku ya Mzee Masanja na ya mafuta aliyoipaka bunduki. Ndege mmoja alikuwa anarudiarudia sauti yake kama fundi anayegonga msumari usioingia. Sikumwona pongo akitoka. Palikuwa na kivuli, kisha kivuli kikawa na masikio, kisha nikaona madoa, meupe, kama mtu amemnyunyizia maziwa. Dume. Alikula kidogo, akainua kichwa, akala. Nilikuwa nimedhani kwamba moyo utanipiga, lakini kila kitu kilipungua mwendo, mpaka nikasikia majani yakikatwa na meno yake, au nilidhani nasikia.

Mzee Masanja alikuwa ameweka mkono wake chini ya mtutu kama ilivyosemwa.  Pongo aligeuka ubavu. Nikaweka shavu, nikatoa nusu ya pumzi, na kwa nusu iliyobaki nikanong'ona, "Bismillahi, Allahu Akbar." Tawi kavu likakatika. Begani nikaguswa.

Aliruka mara moja, akatua, akasimama. Akatazama huku na huku kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na hajui limetokea wapi. Kisha akatembea. Hatua zake zilikuwa za kawaida kabisa, akaingia ukingoni mwa kichaka, na tukaona nyasi zikilala pale alipokaa. Mwili wangu wote ulitaka kuinuka. Nilitaka kumkimbilia, sijui kwa huruma au kwa hofu ya kumpoteza, na pengine havitofautiani. Mzee Masanja aliondoa mkono wake kwenye mtutu, akaushika mkono wangu kwenye kifundo, bila nguvu. Upande wa pili Mzee Hamisi alikuwa amekaa na kisu mapajani, amefumba macho, midomo ikicheza, na miguu yake iliyokimbia maisha yote ilikuwa inajikunja na kujikunjua kwenye umande. "Hamisi," Mzee Masanja akanong'ona. "Nimekaa, nimekaa," akajibu mwenzake. "Usinitaje jina, nitasimama."

Tulikaa mpaka jua likafika kwenye gogo. Nimezaa, nimelea, nimeuza dawa kwa watu waliokuwa wakilia upande wa pili wa kaunta, na sijui kitu kigumu kama kukaa karibu na kilichojeruhiwa bila kukisogelea. Miaka mingi baadaye, mwanangu wa kwanza alipotoka nyumbani kwa hasira, kila mtu aliniambia nimfuate. Mume wangu alikuwa ameshavaa viatu. Nikamshika kifundo cha mkono, nikashangaa kwa nini nimemshika pale hasa, na mshiko ule niliujua ni wa nani. Na bado si kila wakati kungoja kunafaa. Wapo wanaongojwa wasirudi, najua. Mzee Masanja naye alijua, na pale nyuma ya gogo hakuniambia neno lolote la hekima. Alisema tu, jua lilipotufikia, "Twende taratibu." Tulimkuta amelala ubavu, macho wazi, nzi wa kwanza ameshafika. Mzee Hamisi aliinama, akamgusa jicho kwa jani, halikupepesa. Akakirudisha kisu alani. "Ameshachinjwa," akasema. Mzee Masanja alizunguka akatazama tundu, lililokuwa dogo kiasi cha kufunikwa na ncha ya kidole, nyuma ya bega. Akapima kwa kiganja chake. Kisha alivua koti lake akanipa, kwa kuwa alikuwa ameona nilivyolowa umande kabla mimi sijaona.

Kabula alifika kesho yake mchana, akashuka garini barabarani na mtoto mgongoni, amejifunga mtandio wa rangi ya majani. Nilikuwa nimelala kitandani kwake mwaka mzima na bado sikuwa nimemdhania mrefu vile. Mama yake alipiga vigelegele. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni. Kabula akapiga magoti vumbini, mtoto akiwa mgongoni, akasema, "Shikamoo, baba," naye akajibu, "Marahaba," na baada ya hapo hakuna kati yao aliyejua la kufanya, mpaka baba mkwe, Mzee Shabani, fundi cherehani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasema kwa sauti kubwa kwamba safari ya vumbi hilo inahitaji maji ya kunywa, na watu wakapata kazi.

Chakula kilipoiva, wanaume wanne walikaa sebuleni: wazee wote watatu, na Yusufu, mume wa Kabula, aliyekuwa akitazama magoti yake. Kabula alibaki jikoni. Mke wa mtu hali mbele ya baba mkwe wake, ndivyo ilivyo kwetu na ndivyo ilivyo kwao, na katika hesabu zote za mwaka ule nadhani Mzee Masanja hakuwa amelifikiria hilo: kwamba hata akipata pongo, hata akipata neno, asingemwona binti yake akila. Mimi ndiye niliyekwenda na kurudi, na birika na beseni la kunawia. Mzee Shabani alinawa, akaitazama nyama, akauliza swali kwa upole wa mtu asiyependa kuuliza.

"Na huyu, mzazi mwenzangu, nani alichinja?"

Mzee Masanja akanyoosha kidevu kuelekea kwangu. "Muulize huyo."

"Wewe, binti?"

"Nilimpiga kwa bunduki, baba. Nilitaja jina la Mungu."

"Kabla au baada?"

"Kabla."

"Kwa sauti?"

"Kwa kunong'ona. Mzee Masanja alinikataza kupiga kelele, pongo angesikia."

Mzee Shabani alinitazama juu ya miwani. Kisha tumbo lake likaanza kucheka kabla ya uso. "Haidhuru. Mungu husikia hata pale ambapo pongo hapaswi kusikia." Akakata tonge, akachovya, akachukua nyama, akatafuna kwa makini kama anayepima kitambaa. "Mkono wa binti huyu una baraka," akasema.

"Mkono ni wake," alisema Mzee Masanja. "Kungoja ndiko kwangu."

Wakaanza kula. Yusufu akapata ujasiri wa kuinua uso. Mzee Hamisi akaanza kusimulia suruali yake. Mzee Masanja alimsukumia mgeni vipande vizuri, akaongeza mchuzi, akasifu safari, akalaumu vumbi, na mikono yake ilikuwa mikavu. Hakuwa amenawa. Nilikwenda na beseni mbele yake, akaniashiria kwa jicho, bado.

Jikoni Kabula alikuwa amekaa kwenye kigoda, sahani mbele yake haijaguswa, mtoto amelala mapajani kwa bibi yake. "Baba mkwe amekula?" akaniuliza. Nikamwambia amekula. "Na baba?" Nikasema baba yako hajanawa.  Kabula akavuta sufuria, akaacha vipande vilivyokatwa vizuri kwa ajili yake, akachukua mfupa wa goti wenye nyama iliyoshikilia, akaula kwa mikono miwili, macho yamefumba, mchuzi ukimtiririka hadi kiwikoni. Ulipobaki mfupa mtupu aliugeuza, akautazama ndani, na bila kutuuliza akaanza kuugonga kwenye jiwe la kusagia ili uboho utoke. Ko. Ko. Ko.

"Kabula!" mama yake akanong'ona, mkono mdomoni. "Una mkwe humu ndani! Tangu mtoto unagombezwa na baba yako kwa kelele hiyo!"

Kabula akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

Nilikuwa nimeshafika kizingiti cha sebule na birika. Mzee Masanja alikuwa katikati ya maelezo marefu kuhusu mvua ya mwaka uliopita, jinsi ilivyochelewa pamba ikiwa imeshapandwa, na alikuwa ameyakatisha hapohapo katikati, mdomo wazi kidogo, kichwa kimeinamia upande wa jikoni. Ko. Ko. Sauti ilipanda juu ya ukuta usiofika kwenye bati, ikatushukia. Mzee Hamisi aliinama akashughulika na sahani yake.

"Endelea, mzazi mwenzangu," alisema Mzee Shabani. "Mvua ilifanyaje?"

"Ilinyesha," akasema Mzee Masanja, akaninyooshea mikono yote miwili nimmiminie maji.